Chombo Kilichooza: Kikarabatiwe, Kiundwe Upya au Kiachwe?

Utangulizi

Methali isemayo "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" imo katika vitabu vingi vya kufundishia Kiswahili, na walimu wengi tumeifundisha. Mwanafunzi wa Gitega au wa Muyinga akiulizwa maana yake hujibu vizuri: mtu aende atakako, mwisho atarudi pale alipoanzia. Lakini akiulizwa tezi ni nini, atataja sehemu ya mwili. Akiulizwa omo ni nini, atataja sabuni ya unga ya Omo. Akiulizwa ngama, atanyamaza. Hana kosa. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni pale chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapojikusanya. Hayo ni maneno ya watu waliokulia vyomboni, nasi tuko mbali na Bahari ya Hindi kwa zaidi ya kilomita 1,000.

Swali ninalolijadili katika makala hii ni la kihistoria, ingawa litaturudisha kwenye methali hiyo. Chombo cha mbao kikizeeka na kuoza, je, kinastahili kukarabatiwa? Wapo wasemao kila cha kale kihifadhiwe. Wapo pia wasemao mbao zilizooza ni kuni tu, tena kuni mbaya. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili ni ya haraka mno. Nitaanza kwa kueleza jinsi mbao zinavyooza, kisha nitatazama visa vya Mombasa, Zanzibar na Ziwa Tanganyika, pamoja na kisa kimoja cha hapa kwetu Gitega ambacho si cha chombo. Mwishoni nitapendekeza maswali manne ya kumsaidia anayetakiwa kuamua, na nitaeleza kwa nini uamuzi huo unamhusu mwalimu wa lugha.

Mbao huozaje?

Mganga hatibu asichokijua. Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu huhitaji unyevu, hewa na joto la kadiri. Mbao iliyokauka vizuri, yenye unyevu wa chini ya asilimia 20 hivi, haiozi. Mbao iliyozikwa katika tope lisilo na hewa nayo huoza polepole sana. Inayooza upesi ni ile inayolowa na kukauka, ikalowa tena na kukauka. Kwa sababu hiyo, chombo kilichovutwa nchi kavu na kuachwa bila paa huharibika haraka kuliko chombo kilicho kazini. Aidha, maji ya mvua yana madhara makubwa zaidi ya kuozesha kuliko maji ya bahari, kwani chumvi huwazuia kuvu. Ndiyo maana fundi mzoefu hukagua kwanza sehemu za juu, kwenye maungio na ncha za mbao ambako mvua hutuama, kabla ya kuinama kutazama chini.

Baharini yuko adui mwingine, naye ni mdudu mwenye umbo la mnyoo, wa jamii moja na chaza, ambaye hutoboa mbao zilizo ndani ya maji mpaka zikawa kama sega la nyuki. Mafundi wa pwani walipambana naye kwa kukipandisha chombo nchi kavu, kukibabua kwa moto chini ya tumbo lake, kisha kukipaka mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Katika maziwa yetu ya maji baridi mdudu huyo hayupo. Kwa hiyo chombo kilichozama ziwani kinaweza kukaa muda mrefu kikiwa na umbo lake.

Vipimo vya fundi si vigumu. Huchoma ubao kwa kisu chembamba. Kikiingia bila kukinzwa, ubao huo umekwisha. Hugonga kwa nyundo. Ubao mzima hutoa mlio wa wazi, na ubao uliooza hutoa sauti iliyokufa. Baada ya hapo hutazama mkuku, yaani ubao mnene unaokwenda chini ya chombo kutoka omo hadi tezi, na mataruma, ambayo ni mbavu za chombo. Ubao wa ubavuni hubadilishwa bila taabu kubwa. Mataruma machache yakioza nayo hubadilishwa. Lakini mkuku ukioza, au ukipinda hata umbo zima likapotea, kazi iliyobaki si ukarabati tena. Ni kuunda chombo kipya kwa jina la kile cha zamani.

Hapa pana tofauti muhimu kati ya chombo cha mbao zilizounganishwa na mtumbwi wa gogo, kama ile ambayo imetumika kwa vizazi katika mto Ruvubu na katika maziwa ya Rweru na Cohoha. Mtumbwi wa gogo ni mti mmoja uliochongwa. Hauna ubao wa kung'oa na kubadilisha. Ukipasuka hutiwa kiraka, na sakafu yake ikioza umekwisha. Kwa mtumbwi kama huo, neno "kukarabati" lina mipaka myembamba sana.

Mombasa: chombo kilichoachwa chini ya maji

Mwezi wa Oktoba 1697, Waomani wakiwa wameizingira Ngome ya Yesu, manowari ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama karibu kabisa na ngome hiyo. Ilikuwa imeundwa India kwa mbao za msaji. Ngome yenyewe ilitekwa mwezi wa Desemba 1698, na meli ile ikasahaulika kwa karibu miaka 280. Kati ya mwaka 1977 na 1980, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya wakishirikiana na wataalamu wa akiolojia ya majini kutoka Marekani waliichimbua. Walipata maelfu ya vitu, na sehemu ya vitu hivyo ikawekwa katika makumbusho ya ngomeni. Walikuta pia sehemu kubwa ya chini ya chombo ikiwa imehifadhiwa na mchanga.

Je, waliipandisha? La. Waliipima, wakaichora ubao kwa ubao, kisha wakaifunika tena kwa mchanga.

Wengi wakisikia hivyo hudhani ulikuwa uzembe au umaskini wa fedha tu. Ili kuuelewa uamuzi huo, tuulinganishe na kisa cha Sweden. Manowari ya Vasa ilizama bandarini Stockholm mwaka 1628, katika safari yake ya kwanza, na ikapandishwa mwaka 1961. Mbao zilizokaa majini kwa karne nyingi husimama kwa sababu maji yamejaza nafasi ndani yake. Zikianikwa juani, maji hutoka, nazo hujikunja na kupasuka. Kwa hiyo Vasa ilinyunyiziwa dawa ya kuchukua nafasi ya maji hayo kwa muda wa miaka 17, hadi mwaka 1979, ndipo ikaanza kukaushwa taratibu. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 1990. Hata hivyo, mwaka 2000 wataalamu waligundua kuwa asidi ilikuwa ikijitengeneza ndani ya mbao zenyewe, na ikabidi kazi nyingine kubwa ianze. Yaani zaidi ya miaka 60 baada ya kupandishwa, chombo hicho bado ni mgonjwa anayehitaji daktari kila siku.

Kwa mantiki hiyo, wataalamu wa Mombasa walitenda kwa hekima. Anayekipandisha chombo kilichooza bila kuwa na uwezo wa kukitunza hakiokoi. Hukiua haraka zaidi kuliko ambavyo bahari ingekiua. Kuacha, baada ya kupima na kuandika, nako ni kuhifadhi.

Mtepe: chombo kilichoundwa upya

Kisa cha pili ni cha chombo ambacho hakikubakiza hata kimoja cha kukarabati. Maandishi ya Kigiriki ya karne ya kwanza, yanayoeleza safari za Bahari ya Hindi, yanataja bandari ya Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, ambayo jina lake lilitokana na vyombo vilivyoshonwa. Mtepe, ulioundwa hasa na Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu, ulikuwa wa ukoo huo wa vyombo vya kushonwa. Mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma. Zilitobolewa na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa la mraba, tena la mkeka. Omo yake ilikuwa ndefu, iliyopambwa kwa macho, na ilipasua bahari ikibeba boriti za mikoko.

Mitepe ilipungua mwishoni mwa karne ya 19, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ikatoweka. Kilichobaki ni vielelezo vidogo katika makumbusho, picha chache na maandishi ya watafiti. Mwaka 1965 A. H. J. Prins alichapisha kitabu kuhusu ubaharia wa Lamu, na kabla yake James Hornell alikuwa ameandika juu ya chombo hicho. Hayo yote yalitumika mwaka 2003 pale mafundi kutoka visiwa vya Lamu walipounda mtepe mpya mjini Zanzibar, ukawekwa katika Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883.

Kazi hiyo ilifundisha mambo mawili. Kwanza, fundi ajuaye kuunda jahazi la misumari si lazima ajue kushona mtepe. Kuna mambo ambayo kielelezo kidogo hakiyasemi: kamba ikazwe kiasi gani, tundu litobolewe wapi ili ubao usipasuke, uzi uzibwe kwa nini ili maji yasipenye. Maarifa hayo yalikuwa mikononi mwa watu, na mikono hiyo ilikuwa imezikwa. Mafundi walilazimika kujifunza upya kwa kujaribu. Lau ungalibaki mtepe mmoja, hata uliooza, ungalijibu maswali ambayo mchoro hauwezi kuyajibu.

Pili, chombo huhitaji nyumba, na nyumba nayo huhitaji kutunzwa. Beit al-Ajaib lilibomoka sehemu mwaka 2012 likafungwa kwa wageni, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wake ilianguka, watu wawili wakapoteza maisha. Haya yalitokea ndani ya Mji Mkongwe, ulio katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Hivyo basi, kuorodheshwa si kutunzwa. Anayeuliza gharama ya kukarabati chombo na asiulize gharama ya paa lake ameuliza nusu ya swali.

Kuna kisa cha karibuni ambacho kinafaa kuwekwa kando ya mtepe. Mwaka 2018, mafundi wa Lamu walizindua jahazi dogo liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa tani 10 hivi za taka za plastiki, nalo mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Hakuna ubao uliooza uliookolewa hapo. Lakini ufundi wa umbo, wa mkuku na mataruma, ulipata kazi mpya, na vijana waliuona ukifanyika. Tofauti kati ya mtepe na jahazi ni kwamba ufundi wa jahazi haukuwa umekatika.

Ziwa Tanganyika: mashua iliyotupwa na meli iliyofufuliwa

Tuje sasa karibu na nyumbani. Mwaka 1876, Henry Morton Stanley alilizunguka Ziwa Tanganyika, pamoja na mwambao wetu wa Burundi, kwa mashua ya mbao iitwayo Lady Alice. Iliundwa Uingereza kwa vipande vinavyoungana, ili ibebwe na wapagazi nchi kavu na kuunganishwa tena majini. Wengi wa wapagazi hao walitoka Zanzibar na pwani, na misafara ya namna hiyo ndiyo iliyoeneza Kiswahili kuelekea Ujiji na mwambao wa ziwa. Mwaka uliofuata, safari ilipokaribia mwisho wake, mashua iliachwa juu ya maporomoko ya Isangila katika mto Kongo, ikaozea hapo. Kwa mwenye safari, kazi yake ilikuwa imekwisha. Kwa mwanahistoria, tulipoteza chombo ambacho kingetuonyesha uzito uliobebwa na mabega ya watu ambao vitabu vya wakati ule haviwataji ila kwa nadra.

Meli ya Liemba ilikuwa na bahati nyingine. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Kigoma. Iliingizwa majini Februari 1915. Julai 1916, Wajerumani wakikimbia, waliizamisha wenyewe. Lakini wahandisi waliopewa amri hiyo waliipaka mitambo yake mafuta mazito kwanza, wakitumaini kwamba siku moja itahitajika. Waingereza waliipandisha mwaka 1924, wakaikarabati, na mwezi wa Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Ikabeba abiria, mizigo na hata wakimbizi kwa miongo mingi.

Ni kweli kwamba Liemba ni ya chuma, si ya mbao. Nimeitaja kwa sababu inatufundisha kitu kuhusu uamuzi. Haikukarabatiwa kwa kuwa ilikuwa ya kale. Wakati ule ilikuwa na umri wa miaka kumi na kidogo. Ilikarabatiwa kwa kuwa ziwa lilihitaji meli, na mwili wake ulikuwa mzima. Heshima ya ukale ilikuja baadaye, kwa sababu iliendelea kufanya kazi. Vyombo vingi vilivyodumu duniani vilidumu hivyo: kwa kutumika na kutengenezwa, kutumika na kutengenezwa.

Gishora: mti huoza, ngoma hubaki

Msomaji wa Gitega anaweza kuuliza: haya ya bahari na maziwa yanatuhusu nini sisi wa milimani? Nadhani jibu la swali la chombo kilichooza lipo Gishora, kilomita chache tu kutoka mjini Gitega. Huko ndiko lilikowekwa patakatifu pa ngoma za kifalme wakati wa mwami Mwezi Gisabo, na huko ndiko zinakotunzwa ngoma zenye majina, Ruciteme na Murimirwa, zenye kukumbusha kufyeka msitu na kulima. Ufalme ulifutwa Novemba 1966, lakini ngoma hazikunyamaza. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Ngoma huchongwa kutokana na mti uitwao umuvugangoma, yaani mti uifanyao ngoma iseme. Mti huo, kama mti wowote, hupasuka na kuliwa na wadudu, na ngozi huchanika. Warundi hawakuwahi kungoja mtaalamu wa dawa za mbao. Walichonga ngoma nyingine. Zipo ngoma zinazotunzwa kwa heshima bila kupigwa, na zipo zinazopigwa na kubadilishwa. Yaani babu zetu waliyatenganisha mambo mawili ambayo watu wa makumbusho huyachanganya: kitu cha kutazamwa na kitu cha kutumiwa.

Dunia nayo imejadili jambo hilo. Hati ya Venice ya mwaka 1964 ilisisitiza kuheshimu nyenzo za asili katika ukarabati. Wajapani, ambao hekalu lao la Ise hujengwa upya kwa mbao mpya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa mwaka 2013, hawakuridhika na msisitizo huo peke yake. Mwaka 1994, katika mkutano wa Nara, wataalamu walikubali kwamba uhalisia wa kitu unaweza kutazamwa pia katika umbo lake, matumizi yake, ufundi wake na moyo wake. Fundi wa Gishora angeyaelewa hayo bila kusoma hati yoyote.

Hata hivyo, tusitumie mfano wa Gishora kama kisingizio cha kuchoma kila kilichooza. Ngoma huchongwa upya kwa sababu yupo anayejua kuchonga. Mtepe uliachwa uoze wakati wa kuushona wakiondoka, na ndipo hasara ilipopatikana.

Maswali manne

Kutokana na visa hivi, napendekeza kwamba anayesimama mbele ya chombo kilichooza ajiulize maswali manne, kwa utaratibu huu.

La kwanza: kimebaki nini? Ajue kama mkuku ni mzima na kama umbo lipo. Ikiwa sehemu kubwa itabadilishwa, akubali kwamba anaunda kipya, na aseme hivyo waziwazi.

La pili: yuko nani ajuaye? Kama wapo mafundi wengi wa chombo cha aina hiyo, kuoza kwa kimoja si msiba. Kama amebaki mmoja au hakuna, basi hata kipande kilichooza ni ushahidi, kwa kuwa alama ya tezo na tundu la kamba ni maandishi ya fundi. Chombo kipya hujibu maswali tuliyouliza tulipokiunda, lakini cha kale kinaweza kujibu hata swali ambalo bado hatujaliwaza.

La tatu: kitafanya kazi gani? Chombo kinachorudi majini hutunzwa na wanaokihitaji. Kinachowekwa ndani hutunzwa na bajeti, na bajeti hukatika.

La nne: nani atakilinda baada ya sherehe? Hapa ndipo mipango mingi huangukia. Paa, mlinzi, dawa na fundi wa kila mwaka ni gharama zisizopigwa picha.

Wapo watakaosema kwamba maswali haya ni anasa katika nchi ambayo mvuvi anahitaji mtumbwi mpya leo. Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi. Penye fedha za kufanya jambo moja tu, mtumbwi wa mvuvi utangulie. Lakini kupima, kupiga picha na kuandika majina ya sehemu za chombo kunahitaji utepe wa kupimia, daftari na siku mbili. Hakumnyimi mvuvi kitu. Na kusipofanyika kabla mbao hazijageuka vumbi, hakutafanyika tena.

Kazi ya mwalimu wa lugha

Hapo ndipo tunaporudi kwenye tezi, omo na ngama. Chombo kinapotoweka, maneno yake hayatoweki yote kwa pamoja. Mengine hupata makao mapya. Usukani umehamia katika gari. Nahodha yuko katika timu ya kandanda, na mlingoti unabeba bendera uwanjani. Mkutano hung'oa nanga bila bahari, na biashara huenda mrama bila mawimbi. Lakini ngama imebaki katika methali tu, kama mtu aliyekwama katika chumba kimoja cha nyumba iliyobomoka. Mataruma, kalafati na foromali hata methali ya kuwabeba hayana katika madarasa yetu. Mwalimu anayefundisha methali bila kitu chake anafundisha maana isiyo na mwili. Mwanafunzi ataikariri, lakini hataiona.

Isitoshe, Kirundi kina utajiri wake. Neno "ubwato" lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu: Kinyarwanda "ubwato", Kilingala "bwato", Kiganda "eryato". Kiswahili sanifu hakitumii neno la ukoo huo. Kinatumia mtumbwi, mashua, dau, chombo. Na fundi wa milimani achongaye umuvure, ule mvure wa kukamulia ndizi za pombe, huchimba gogo kama mchongaji wa mtumbwi. Maneno yake ya kazi yameandikwa wapi?

Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, tumezungumza sana juu ya vitabu vya Kiswahili na uhaba wake. Ni kweli, vitabu ni vichache. Lakini kuna kitabu ambacho hakijachapishwa na ambacho wanafunzi wetu wanaweza kukiandika. Wanafunzi wa Gitega wanaweza kwenda Gishora wakaandika majina ya kila sehemu ya ngoma na ya kila hatua ya kuichonga, kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Wanafunzi wa Muyinga, ambako Kiswahili hupita kila siku katika biashara ya njia ya Kobero na Tanzania, wanaweza kwenda kwa wavushaji wa Ruvubu na wavuvi wa Rweru. Wenye jamaa Rumonge au Nyanza-Lac wanaweza kuwauliza mafundi wa mitumbwi ya mbao ya Tanganyika.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba swali "kikarabatiwe au kisikarabatiwe?" halina jibu moja. Mombasa waliacha, na walifanya vyema. Zanzibar waliunda upya, wakajifunza kwamba walikuwa wamechelewa kuwauliza wazee. Kigoma walifufua, kwa kuwa mwili ulikuwa mzima na kazi ilikuwapo. Gishora wanachonga, kwa kuwa ujuzi haujakatika. Maoni yangu ni kwamba chombo kilichooza kisichomwe, wala kisikimbiliwe kwa msumeno. Kiwekwe kwanza chini ya paa, kipimwe, kichorwe, na aliyekiunda au mwanawe aulizwe. Baada ya hapo, kama mkuku ni mzima na wapo watakaokitumia, kikarabatiwe. Kama sivyo, kiundwe kingine kando yake, vijana wakishika tezo na mzee akiwa amekaa kwenye kigoda akiwaelekeza.

Kwa walimu watakaokubali kuwapa wanafunzi zoezi hilo likizo ijayo, napendekeza fomu iwe fupi: jina la kitu, jina la kila sehemu katika lugha zote mbili, mti uliotumika, chombo cha kazi kilichotumika, umri wa fundi, na idadi ya vijana anaowafundisha. Safu hiyo ya mwisho isiachwe wazi. Kama idadi ni sifuri, iandikwe sifuri, ili ajaye baada yetu ajue aanzie kwa nani.